Mdomo Uliowaita

Kama unataka kujua alizaliwa kijiji gani na ukoo wake ni upi, waulize waliogombea naye kiti cha ubunge. Wao walilifanyia kazi swali hilo kwa bidii, wakaja na majibu matatu tofauti, na kila jibu lilikuwa na mashahidi wake. Mimi nilikaa naye ukuta kwa ukuta hapa Kasenga miaka mingi na sikuwahi kumwuliza. Nilimjua kama mji mzima wa Uvira ulivyomjua: Papa Redio. Baadaye, alipochaguliwa kwenda kukaa katika bunge la jimbo kule Bukavu, watu walianza kumwita Onorabule, kwa Kifaransa chetu cha hapa, naye akalivaa jina hilo kama koti la kuazima. Dada yangu peke yake hakubadilisha. Alimwita Papa Redio hadharani, mbele ya walinzi wake na mbele ya wageni wake, na alikuwa na sababu.

Alikuwa mtu mfupi, mwembamba wa mabega, na suruali zake zilikuwa zimekunjwa chini siku zote, mvua au jua. Waliomsikia kabla ya kumwona walidhani ni pande la mtu. Siku moja mama mmoja alitoka Luvungi juu ya lori la mihogo, amekuja kutangaza msiba, akamkuta anafagia mbele ya studio.

"Niitie Papa Redio," akamwambia.

"Ni minye, mama."

"Weye? Acha bongo, usinidanganye. Papa Redio ni muntu mukubwa."

Akasimamisha ufagio, akafumba macho, akamtolea salamu za asubuhi kama alivyozitoa kila siku hewani, kuanzia watu wa kando ya ziwa mpaka wale wa uwanda wa Ruzizi. Yule mama akakaa chini pale pale, akaanza kulia. Sauti ile ilimkumbusha kilichomleta, na ikabidi aletewe maji kabla hajaweza kusema ni nani aliyekufa.

Nyumbani hakuwa msemaji. Mkewe, mama mcheshi aliyeuza ndagala wakavu, yaani dagaa, alikuwa akituambia juu ya ukuta, "Maneno yote anaachaka kule ku studio. Hapa analeta njaa tu." Watoto wake aliwaita kwa kupiga makofi. Hakupenda kujisikia. Ukimkaribisha kwako, kitu cha kwanza alichofanya ni kuinama na kuizima redio, hata kama aliyekuwa akisema ni mwingine, kisha ndipo anasalimu. Alikula samaki kwa kuanzia kichwa, polepole, akinyonya kila mfupa, na ukimwuliza swali wakati huo hujibiwi. Alikuwa bahili wa nguo na mkarimu wa chakula. Wakati wa vita vya kwanza nyumba yake ya vyumba vitatu ililaza yatima ambao hata mkewe hakujua wametoka upande gani.

Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja. Ukutani walikuwa wamebandika magodoro ya zamani ili sauti isirudi, na jenereta ilikaa nje, ndani ya pipa lililokatwa, ikikohoa. Lakini kutoka chumba kile sauti ilifika mbali. Watu wa uwandani walianika betri zao juani kwenye paa asubuhi ili zipate nguvu kidogo ya kumsikiliza jioni. Kilichosikilizwa zaidi si habari za Kinshasa wala muziki. Watu walingoja matangazo ya vifo na ya waliopotea, ambayo sisi tunayaita komunike.

Na hapo ndipo alipokuwa na desturi yake, ambayo sijaiona kwa mtangazaji mwingine yeyote. Hakukubali komunike ya karatasi peke yake. Alimtaka mfiwa mwenyewe, au aliyeuona msiba kwa macho, aje amweleze ana kwa ana, na wakati wa kueleza alimshika mkono. Kama mfiwa hawezi kutembea, yeye alikwenda. Niliwahi kumwona akirudi kutoka Kiliba kwa miguu, wakati barabara ile hata mbwa walikuwa wanaiogopa, kwa sababu alikuwa amekwenda kuushika mkono wa mama aliyefiwa na mtoto wa siku chache. Halafu hewani alisema hivyo hivyo: "Nimeushika mkono wa mjane wake." "Nimeushika mkono wa mdogo wake." Hata habari za barabara alizitoa kwa njia hiyo: "Nimeushika mkono wa dereva aliyetoka Kamanyola leo hii, anasema daraja linapitika."

Desturi hiyo ilizaliwa na aibu. Alipokuwa kijana kazini aliletewa karatasi iliyoandikwa vizuri, yenye saini, ikisema mzee fulani wa Luvungi amefariki. Akaisoma. Ukoo wote ukashika njia, na kuku, na unga, na vilio, kutoka Uvira na kutoka Bukavu. Walipofika wakamkuta marehemu amekaa kivulini anatia mpini kwenye jembe. Kumbe wakwe zake walikuwa wamekasirika kwa sababu alimrudisha mkewe, mtoto wao, kwao, wakaona wamzike kwa njia hiyo. Waombolezaji, kwa kuwa walikuwa wamechoka na safari, walimkasirikia mzee wa watu kwa kuwa hai. Papa Redio alitusimulia hadithi hiyo mara nyingi na mara zote tulicheka, ila yeye hakucheka. Alimalizia kwa kusema, "Tangu ile siku siziki muntu mu redio mbele sijashika mukono ya mwenye analia."

Watoto walimwiga mchezoni. Nilipoingia darasani, maana mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kumwuliza mtoto kwa nini mwenzake hayupo, alinijibu, "Mwalimu, nimeushika mkono wa mama yake, anaumwa." Ikawa lugha ya mji. Watu waliacha kumwamini padri, pasta na chifu, kila mmoja kwa sababu zake, lakini yeye walimwamini.

Jambo lingine lilikuwa lugha. Alitangaza kwa Kiswahili, kisha Kifuliiru, kisha Kirundi, na siku nyingine Kivira, na katika kila lugha alisikika kama mtoto wa nyumbani. Siku za amani kila kabila lilimdai. Siku za vita kila kabila lilimtupia lingine. Walimrushia mawe mara moja watu wa huku, mara moja watu wa kule, na nilipokwenda kumpa pole mara ya pili aliniambia, huku mkewe akimkanda bega kwa maji moto, "Kilio haina kabila, Mwalimu. Lakini kila muntu anapenda aliliwe mu luga ya mama yake." Kesho yake alitangaza kwa lugha zote kama kawaida.

Ninaeleza haya yote kwanza ili uelewe uzito wa kilichofuata. Mtu asiyeaminiwa hawezi kufanya dhara lile.

Ilikuwa katika vita vya pili. Mji ulikuwa umeshikwa na watu wenye silaha, siwataji, na wanaume wengi wa Kasenga na Nyamianda walikuwa wamepanda milimani juu ya mji, na wake zao na watoto, wakilala kwenye vibanda vya majani. Mimi nilikuwa nimevuka kwenda Bujumbura na mama yetu mgonjwa. Dada yangu, Mama Furaha, alikuwa kule mlimani na mumewe. Shemeji yangu alikuwa fundi wa kujenga nyumba, mtu wa matofali na udongo, mpole kupita kiasi. Ukimtania alicheka baada ya wenzake wote kumaliza kucheka.

Jioni moja redio iliyokuwa kibandani kwa jirani ikasema. Mji umetulia. Wanaume warudi majumbani kwao, wafike kwenye uwanja wa shule wajiandikishe, wapewe vipande vipya vya kupitia barabarani, kazi ziendelee. Sauti ilikuwa ya Papa Redio.

Haya niliyasikia kwa dada mwenyewe, naye ameniambia mara moja tu. Shemeji hakutaka kushuka. Alisema wangoje. Lakini Furaha, mtoto wao wa pekee, alikuwa na homa, na usiku wa mlimani ni baridi, na chakula kilikuwa kimekwisha.

"Minye njo nilimuambia aende," dada alisema. "Nilimuambia, ni Papa Redio mwenyewe amesema. Papa Redio hasemake bongo. Alibeba mwiko yake ya kujengea, juu ya kazi. Akaniambia, basi mutanifuata kesho. Akashuka na benzake."

Wanaume walikaa kwa mistari uwanjani, vipande havikuletwa, yakaja malori. Malori yalielekea uwandani. Hakuna aliyerudi. Baada ya hapo wale walioushika mji wakatoa taarifa kwamba waasi kadhaa waliokuwa wakishuka kushambulia mji wameuawa katika mapigano.

Taarifa hiyo ya pili Papa Redio hakuisoma. Alikuwa ameshavuka ziwa kwa mtumbwi na familia yake, na ilisomwa na mtu mwingine. Mji ukamsifu kwa kukimbia. Dada yangu alisema, "Alikimbia maneno ya pili. Ya kwanza hakuikimbia."

Kwa hiyo shemeji yangu, ambaye sikumbuki kama aliwahi hata kumchapa mbuzi, akawa muasi. Matanga yake hayakukaliwa. Majirani waliogopa, maana anayekaa kwenye msiba wa muasi naye ni muasi. Dada alikaa peke yake chini kwenye mkeka, mlango wazi, na watu wakapita upande wa pili wa njia wakijifanya wana haraka. Ndugu za mumewe walikuja mara moja kumwambia asiwataje. Furaha alipoanza shule alikuta jina linamngoja: mtoto wa muasi. Vita vilipokwisha, parokia ikawa inasoma majina ya raia waliouawa, kila mwaka, watu wanasimama na kujibu kwa sala. Majina ya wanaume wale wa malori hayakusomwa. Padri alisema hana ushahidi, na taarifa rasmi ipo.

Dada alitaka kitu kimoja, na alikitaka kwa namna ambayo niliona inamla. Alitaka mdomo uliowaita useme kwamba uliwaita. Hakutaka kesi wala fidia. Papa Redio aseme mbele za watu: wanaume wale walikuja kwa sababu nilisema waje, na mikono yao ilikuwa mitupu. Alijua kwamba mtu mwingine akisema haitasaidia. Na nadhani, ingawa hakulitamka, alitaka mtu mwingine ashike upande wa pili wa mzigo ule wa "nilimwambia aende", kwa sababu aliubeba peke yake kila alipomwangalia mtoto.

Papa Redio alirudi kutoka ng'ambo akapokewa kwa ngoma. Studio ilikuwa imeporwa, magodoro hayapo, pipa la jenereta limegeuzwa jiko la mtu. Akaanza upya, na desturi yake ile ile. Mara mbili tatu nilimwona amesimama mbele ya mlango wa parseli yetu, kiwanja tulichokaa mimi na dada, ameinua mkono kubisha, kisha anaondoka. Mwanzoni nilimwonea huruma. Baadaye nilimchukia, halafu nikazoea, kama unavyozoea jino bovu.

Ulipokuja uchaguzi alisukumwa na watu agombee. Alipita nyumba kwa nyumba, na kwetu pia ilimbidi aingie. Dada alimpa kiti, akabaki amesimama.

"Papa Redio, ukifika kule, utasema?"

Hakuuliza aseme nini. Alinyanyuka. "Mama Furaha, nikifika kule, neno yangu ya kwanza itakuwa ya bale banaume. Mu asamble, mbele ya bote."

"Ya kwanza?"

"Ya kwanza kabisa."

Ahadi ni deni, na dada yangu aliichukua hivyo. Alivaa kitenge chenye picha ya Papa Redio. Aliimba kwenye mikutano, yeye ambaye sikumsikia akiimba tangu kifo cha mumewe. Alizunguka Kasenga na Nyamianda akiwaambia wajane wenzake kwamba safari hii watapata mtu wa kuwasemea. Papa Redio alishinda kwa kura nyingi, na nyingine alizipata kutokana na miguu ya dada yangu.

Vikao vya Bukavu vilirushwa redioni. Siku ya kwanza alipopewa nafasi ya kusema, dada alikuwa amewakusanya wajane uani, wamekaa kwenye mikeka, wamevaa vizuri. Papa Redio akazungumza juu ya daraja lililobebwa na mvua. Alizungumza vizuri sana, kwa Kifaransa cha kujikongoja kisha Kiswahili. Wajane walingoja. Alipomaliza, spika akamshukuru, wabunge wakapiga makofi.

"Daraja?" dada akasema. "Bwana yangu alikuwa daraja?"

Mjane mmoja akacheka mpaka akatokwa na machozi, na wengine wakaanza kukunja mikeka.

Sitaki kumdhulumu. Daraja lile lilijengwa kweli. Walimu tuliokuwa tumesahauliwa tulirudishwa kwenye orodha ya mishahara kwa sababu alikwenda kukaa mlangoni pa waziri mpaka wakamchoka. Mwenzake mmoja bungeni alipowatukana Barundi wa uwandani, yeye alisimama akamjibu kwa Kirundi, na chumba kikanyamaza. Kama ingekuwa mtu mwingine ningemsifu bila kusita. Lakini kila aliporudi Kasenga gari lake lilizunguka njia ya mtoni, ya mawe na mashimo, ili lisipite mbele ya mlango wetu. Dada aliligundua hilo, akawa anakwenda kumngojea kule kule mtoni na beseni lake la nguo.

"Papa Redio! Tuko hapa!"

"Wakati haiyafika, Mama Furaha."

"Wakati iko nakuya na nini? Na mutumbwi?"

Walinzi walicheka. Yeye alipandisha kioo, lakini polepole, na nilimwona kupitia kioo bado anamwangalia.

Sababu yake niliipata mimi, bila kuitafuta. Nilikuwa nakwenda Bukavu kwa shughuli za shule na akanipa nafasi kwenye gari. Tairi ikapasuka Luvungi, dereva akaenda kuitafutia fundi, sisi tukakaa kwenye benchi la muuza mahindi ya kuchoma, saa za mchana, jua kali. Hakuwa ameanzisha mazungumzo hayo na mtu yeyote, nadhani. Aliongea akiangalia barabara.

Siku ile waliingia studio na karatasi. Mkewe na mtoto wao wa kwanza waliwekwa nje kwenye kivuli cha jenereta, na mtu mmoja amesimama juu yao. Aliyeweka karatasi mbele ya mikro, kile kipaza sauti, alikuwa mtu wa adabu, mwenye miwani, alimwambia tafadhali.

"Nikaisoma," alisema. "Lakini nilitoa mukono, Mwalimu. Kumbuka vizuri. Sikusema nimeshika mukono ya muntu. Sikuisema hata mara moja. Nilijua bantu banafahamu desturi yangu. Nikafikiri, batasikia kama mukono haiko, batakaa kule milimani."

Mwanzoni sikuelewa, kisha nikaelewa. "Kwa hiyo," nikamwambia, "watu wenye njaa, na watoto wagonjwa, ulitaka wasikilize kile ambacho hukusema?"

"Bamoja balisikia."

Na ni kweli. Baadaye nilithibitisha. Pasta mmoja mzee wa Nyamianda aliisikia komunike ile, akawaambia vijana wake, huyu leo hakushika mkono wa mtu, kaeni. Vijana wale wako hai, na mmoja ana duka. Kwa hiyo ujanja wake uliokoa baadhi, na hilo nalo lazima lisemwe, hata kama linaniuma.

"Na bungeni?" nikamwuliza. "Kwa nini hukusema?"

Akageuza hindi lake mkononi. Yule mwenye miwani, alisema, ni mbunge sasa. Vita vilipomalizwa kwa mapatano, kila upande ulipewa viti vyake. Wanakaa tume moja. "Asubuhi yote ananisalimia. Ananiuliza batoto. Mutoto wangu wa kwanza anamutajia na jina." Kisha dereva akarudi na tairi, tukapanda, na mpaka Bukavu alizungumzia bei ya saruji.

Nilimweleza dada. Nilidhani italegeza kitu moyoni mwake kujua kwamba mtu yule naye alikuwa amewekewa mtoto rehani, na kwamba alijaribu kuonya. Alikuwa anachambua sombe, majani ya mihogo ya mboga, akaendelea kuchambua.

"Betri ilikuwa nakufa," alisema. "Tulikuwa nasikia sauti tu, inaenda inarudi. Nani alikuwa nahesabia mikono?"

Akatupa kikonyo kimoja kando, akaongeza, "Anaogopa. Sawa. Minye sikumukataza kuogopa. Nilimuomba aseme."

Papa Redio alikaa bungeni muhula huo na mwingine, kisha akaangushwa na kijana mwenye pikipiki za kugawa. Akarudi Kasenga, akazeeka haraka. Mkewe alifariki, na kwenye msiba ule dada alikwenda, akapika, akaosha vyombo, akalala huko siku zote za matanga. Nilimwuliza amewezaje. Akasema marehemu hakusoma kitu kwenye redio. Watu walianza kumsahau Papa Redio. Redio nyingi zilikuwa zimefunguliwa, za vijana wanaopiga kelele, na desturi ya mkono ilikufa bila kuagwa.

Kisha vita vikarudi, kama vinavyorudi huku kwetu, na mji ukashikwa tena. Safari hii hatukupanda mlimani. Tulifuata barabara ya Kavimvira, watu wote, mpaka ng'ambo ya mpaka, tukalala kwenye uwanja wa matope chini ya mahema ya plastiki. Nilikuwa na dada na wajukuu zake. Siku za mwanzo mtu hujui hata jirani yako ni nani. Watoto walipotea ovyo, na wale wa misaada walikuwa na kipaza sauti cha mkononi cha kuwatangaza, lakini hakuna aliyekuwa akisikia kitu kwa kelele.

Siku moja nikasikia sauti ile. Ilikuwa imekwaruza, imepungua, lakini ilikuwa yenyewe. Papa Redio alikuwa amesimama juu ya kreti, kandambili mguu mmoja ya bluu na mwingine ya kijani, amefunga shuka la hospitali mabegani, anatangaza watoto waliopotea, kwa Kiswahili, Kifuliiru na Kirundi. Uwanja ulianza kutulia. Kina mama walitoka kwenye mahema. Watoto wawili walipatikana asubuhi hiyo hiyo.

Wakaja vijana watatu waliovaa vizuri, viatu vyao havina tope, maana yake hawakulala pale. Walikuwa wamevuka kutoka mjini. Walizungumza naye kwa heshima, mmoja akimwita Onorabule, na sote tuliokuwa karibu tuliwasikia. Walimwomba awaambie watu kwamba mji umetulia, masoko yamefunguliwa, warudi.

Dada yangu alikuwa mbele, na ndoo yake ya maji. Papa Redio alimwona. Alishusha kipaza sauti, akakiangalia, akakipandisha tena. Nilidhani ataanguka kutoka kwenye kreti.

"Bandugu," akasema. "Hawa bananiomba niseme kama kule mujini iko salama, murudie. Minye sijue. Sijafika. Mu ile vita ya zamani baliniletea komunike ya vile, nikaisoma. Banaume ba Kasenga na Nyamianda balirudia juu ya sauti yangu. Habakukuwa baasi. Habakukuwa na bunduki. Baba Furaha, bwana ya huyu mama, alikuya na mwiko ya kujengea. Ni minye nilibaita, na balikufa, na nikanyamaza. Nimemaliza."

Akashuka.

Nilitazama huku na huku, nikingoja kitu kitokee. Wale vijana waliangaliana, mmoja akainua mabega, wakaondoka kutafuta mtu mwingine wa kuwasomea. Hakuna aliyemkamata. Watu wengi waliokuwa pale walikuwa wa kutoka uwandani, vijana ambao hawakuwa hata wamezaliwa siku ya malori yale, na mama mmoja alikuwa tayari anamvuta mzee shuka, akimtaka arudie jina la mtoto wake. Mama huyo alikuwa analia, kwa hiyo Papa Redio akamgeukia.

Dada alibaki amesimama, ndoo imemwagika nusu kwenye kanga yake. Nikamshika bega. Aliangalia lile kreti.

"Ni ile tu?" aliniuliza. "Ni maneno ya kidogo vile?"